Sakafu Isiyo na Doa

Watu huniita Fagio. Jina hilo sikupewa na wazazi wangu, nilipewa na wapakiaji wa ghala, tena kwa kunicheka. Mwanzoni liliniudhi. Baadaye nikalizoea, mwisho nikalipenda, kwa sababu ni la kweli. Miaka ishirini na sita nimekuwa mtunza ghala la dawa za kuulia wadudu wa mazao, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekanyaga sakafu yangu akatoka na doa kwenye soli ya kiatu. Nasema haya mapema ili mjue nilivyokuwa najiona.

Dawa zenyewe ziliisha muda zamani. Zililetwa mwaka ambao wadudu walitangazwa kwa vishindo, halafu wadudu wenyewe hawakutokea. Zikabaki. Nyingine zikapigwa marufuku zikiwa humo humo ghalani. Dramu sitini na moja za dawa ya maji, magunia ya dawa ya unga sikumbuki mangapi, ingawa daftari linakumbuka. Niliandika barua makao makuu waje wazichukue. Nikaandika tena. Nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Imepokelewa! Mimi nasema dramu zimeanza kutoboka, wao wananiambia habari za posta.

Basi baada ya miaka kumi na moja ya barua, Jumatatu moja asubuhi lori likaingia uani, na kontena nyuma yake, na vijana sita waliovaa suti nyeupe za plastiki kutoka utosini hadi kwenye viatu. Walikuja kupakia zile dawa kwenye dramu mpya zisafirishwe mbali zikateketezwe. Mkubwa wao alikuwa mkaguzi, mwanamke wa umri wa binti yangu. Aliniamkia vizuri, sina neno hapo, halafu akanipa barakoa yenye vichujio viwili.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuingilia ghalani, mzee."

"Mwanangu, mimi nimeingia humo kabla wewe hujaota meno ya juu."

"Najua, mzee. Ivae tu."

Nikaivaa kwa shingo upande. Kwa taarifa yenu, mtu akinipa amri kwenye ghala langu mwenyewe huwa nakasirika mpaka masikio yanapata moto. Lakini nilikuwa na furaha moja iliyonituliza, na furaha hiyo ilikuwa imelala nyumbani.

Nyumba yangu ni ya kazi, hatua hamsini kutoka ghalani. Ina sebule na vyumba viwili. Kimoja chetu mimi na mke wangu, kingine cha binti yetu, na hatuna mtoto mwingine. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu mchanga namwita Mama, na yeye anaitika. Ameolewa mbali, miaka sita sasa, na mtu mpole ambaye sina la kumlaumu.

Mimba ya kwanza ilipomsumbua, daktari akasema apumzike. Nikasema apumzike wapi, kwake ambako atashika ufagio na ndoo mume akiwa kazini? Nikamfuata mwenyewe, nikamlaza kwenye chumba chake cha usichana, nikakataza asiinue hata kikombe. Ikatoka. Ya pili nikamfuata mapema zaidi, nikamkataza zaidi. Ikatoka nayo, ikiwa kubwa, tukaizika. Mke wangu alikonda akabaki macho. Mimi nilienda ghalani nikapiga deki siku tatu mfululizo.

Hii ya tatu alituficha. Alikaa kimya hadi mwezi wa sita, ndipo akapiga simu, anasema mzima, anakula, anapanda ngazi za nyumbani kwake bila shida. Badala ya kushukuru, nilinuna. Nilimpigia kila siku. Nikamwambia, mtoto wa kwanza wa mwanamke huzaliwa kwao, wewe unatuona sisi nani? Nikamtia maneno mpaka akachoka. Alikuwa amefika siku tisa kabla ya lile lori.

Alipoingia mlangoni alivuta pumzi, akacheka. "Harufu ya nyumbani," akasema. "Baba, hata nikifumbwa macho najua nimefika."

Mimi harufu yoyote siisikii, miaka mingi. Mke wangu vilevile. Tangu binti yetu afike kichwa kilikuwa kinamgonga, macho yanamtoka machozi, na asubuhi anatapika. Mama yake akasema ni mimba. Nikasema ni mimba. Kitu pekee kilichoniudhi mle chumbani ni mchwa: kila asubuhi kulikuwa na vumbi la kahawia juu ya chandarua, na mke wangu alikuwa analikung'uta na kulaani mbao za dari.

Haya, turudi ghalani.

Nilimsubiri mkaguzi aione sakafu. Siwafichi, nilikuwa nimepiga deki Jumapili nzima. Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia, saruji ikang'aa hadi ukutani. Wale vijana sita wakaangaliana. Mmoja akapiga mluzi ndani ya barakoa.

Mkaguzi alichuchumaa, akapitisha kidole chenye glavu sakafuni, akakitazama. Halafu akainuka, akatazama dramu, akatazama tena chini. Nikangoja sifa. Akaniomba daftari.

Wakaanza kupima. Kila dramu inapandishwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, inashushwa, inaingizwa ndani ya dramu mpya kubwa zaidi, kifuniko kinafungwa kwa pete ya chuma. Kazi nzuri, nakiri. Walikuwa na utaratibu, na mimi mtu mwenye utaratibu simchukii hata akiwa na kiburi.

Saa sita mchana mkaguzi akaniita kivulini kwa lori. Alikuwa amevua barakoa, uso una mistari myekundu.

"Mzee, nimesoma daftari lako. Sijawahi kuona daftari kama hili."

Kichwa kikanivimba.

"Dramu ishirini na tatu zimetoboka chini kwa kutu. Umeandika kila uvujaji, tarehe na kiasi. Mizani yetu inakubaliana na wewe karibu kabisa."

"Hiyo ndiyo kazi."

"Sasa nisaidie. Maghala yote niliyowahi kusafisha, dawa ikivuja hivi saruji inakuwa nyeusi, inanata, tunaivunja kwa nyundo na kuichukua yote. Sakafu yako haina doa. Hiyo dawa yote imekwenda wapi?"

Lo! Mtu kuniuliza swali nililolingojea maisha yangu yote. Nikajiweka sawa.

Nikamweleza. Tulipelekwa semina, siku tatu, cheti nimekitundika sebuleni. Tukafundishwa: dramu ikivuja, usimwagie maji, usifagilie nje, usitupe shimoni, mvua itaipeleka mtoni watu wanywe. Mwagia unga wa mbao. Subiri uinyonye. Zoa kwa koleo, tia kwenye gunia, funga, andika tarehe. Mimi seremala wa hapa jirani alikuwa ananiwekea unga wa mbao kila wiki. Saa mbili asubuhi nazunguka, penye tone namwaga, saa nane nazoa. Kila siku ya kazi, miaka kumi na moja. Halafu deki.

"Na magunia?" akauliza.

"Yapo."

"Hayamo ghalani."

"Yatakaaje ghalani na bati limejaa matundu? Nimeomba mabati mapya, wamenijibu barua imepokelewa. Tulifundishwa yakae mahali pakavu, penye kufuli, pasipofikiwa na mtoto wala mnyama, hadi yatakapochukuliwa. Hapa hakuna mahali pakavu penye kufuli ila mahali pamoja tu."

"Wapi, mzee?"

"Nyumbani kwangu. Darini."

Alikuwa ameshika chupa ya maji. Aliiweka chini polepole sana.

"Juu ya chumba gani?"

"Cha binti yangu. Ndicho chenye mfuniko wa dari, na mfuniko una kufuli. Ufunguo huu hapa shingoni, haujawahi kushikwa na mtu mwingine."

"Na chumba hicho sasa hivi kina mtu?"

"Yumo binti yangu. Mjamzito. Amelala, nimemkataza hata ku..."

Hakungoja nimalize. Alikimbia. Mtu mzima, na suti yake ya plastiki inapiga kelele mapajani, anakatiza ua wangu anaelekea nyumba ya watu bila hodi! Nikamfuata huku natukana. Nilisema, huyu amerukwa na akili, atamshtua mtoto wa watu, mimba itoke, na mimi nitamshtaki. Haki ya Mungu hayo ndiyo niliyokuwa nawaza nikikimbia.

Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama katikati ya chumba. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mimi ndiye niliyesema lifungwe, Mama asipigwe na upepo. Alikuwa anatazama chandarua.

Nami nikakitazama. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekiona kila siku na sikuwahi kukiona. Siku hiyo mke wangu alikuwa hajakikung'uta, kwa sababu ya wageni. Juu kilikuwa kimelegea katikati kwa uzito, na katikati pale palikuwa na vumbi la kahawia, kiasi cha viganja viwili vikijaa. Juu yake, kwenye ubao wa dari, kulikuwa na doa. Kubwa, jeusi, lenye kingo za njano. Chini ya chandarua, uso umeelekea juu, mdomo wazi kidogo, alikuwa amelala binti yangu.

Vumbi lile lilikuwa unga wa mbao. Miaka kumi na moja nimeushika mkononi, nikauita mchwa.

"Dada," mkaguzi akasema, sauti ya chini, "amka. Toka nje sasa hivi. Usichukue kitu, usikung'ute kitu. Toka tu."

Binti yangu akafungua macho. Akamwona mtu mweupe mzima, akaniona mimi nyuma yake. "Baba, kuna nini?"

Nikajivuta pembeni kumpisha njia.

Mke wangu alifika na kikombe cha uji. "Jamani, mbona mnamwamsha?" Kisha akaona nilikokuwa natazama. Kikombe kikamponyoka. Yeye alijua. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananishikia ngazi.

Wakamtoa Mama nje, wakamwogeshea uani nyuma ya turubai kwa maji mengi na sabuni, wakambadilisha nguo. Nguo alizovaa ziliingia kwenye mfuko, mfuko ukaingia kwenye dramu. Chandarua kikakatwa kamba zake nne kikakunjwa taratibu na vijana wawili, kikaingia kwenye dramu. Godoro, shuka, mto aliokuwa akilalia tangu darasa la tano, vyote kwenye dramu. Dereva wao akampeleka hospitali na mama yake. Mimi nikaambiwa nibaki nionyeshe magunia.

Yalishuka moja moja. Panya walikuwa wameyatoboa, mengine yalikuwa yameoza upande wa chini, yakimwaga yakishushwa. Arobaini na manne. Nikasikia kijana akisoma mizani: kilo mia sita na kumi na mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa juu yake, imetenganishwa naye na ubao mwembamba kuliko kidole changu.

Nikamgeukia mkaguzi. Hasira zangu hazikuwa na pa kwenda, zikaenda kwake.

"Nilifuata utaratibu! Kila neno! Kavu, kufuli, mbali na mto! Nani mwingine amefanya nilivyofanya mimi? Wenzangu wote walifagilia mtaroni wakaenda zao kunywa chai! Mto ule pale, nenda kaupime, hutakuta tone langu!"

"Ni kweli, mzee," akasema. "Mto haujapata tone."

Afadhali angenijibu kwa ukali. Aliniangalia tu, kisha akaniambia maneno ambayo bado nayasikia. "Waliowafundisha walikuwa wanafikiria wiki mbili, tatu, lori lije. Hakuna aliyewafundisha miaka kumi na moja."

Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo, nikashika tama mbele ya vijana wale. Mimi, Fagio.

Hospitali nilifika jioni, jua halijazama. Binti yangu alikuwa kitandani karibu na dirisha lililo wazi, mama yake ameketi miguuni pake. Walikuwa wamemchukua damu. Daktari alisema moyo wa mtoto unapiga, na unapiga vizuri. Alisema pia kwamba hawezi kuapa juu ya kesho, siku tisa si nyingi lakini si chache, atakaa hapo waendelee kumwangalia. Nikamuuliza zile mbili za kwanza. Nilimuuliza koridoni, mlango umefungwa, kwa kunong'ona. Akaniambia mimba hutoka kwa sababu nyingi, na hakuna kipimo kitakachonijibu leo.

Nikashika jibu hilo kwa mikono miwili. Kwa sababu nyingi! Nikarudi kitandani nalo, na nikaamua halitatoka kinywani mwangu lolote kuhusu zile mbili. Nilijua. Tangu nilipokiona chandarua nilijua. Lakini nilijiambia, mtoto huyu ana mimba, moyo wake haufai kubebeshwa hilo, na uongo mwingine unavaa nguo za huruma, nikauvaa.

Asubuhi mkaguzi alikuja. Hakuwa na suti, amevaa gauni la kawaida, nikakaribia kumpita. Alikuwa na fomu.

"Mzee, samahani. Inabidi ijazwe kwa kila nyumba iliyohifadhi dawa. Wote waliolala chumbani, na muda wao. Ndio watakaofuatiliwa na kutibiwa. Nimeona mwandiko wako, nikasema ujaze mwenyewe."

Fomu ilikuwa na safu mbili. Jina. Muda. Nikaiweka juu ya goti, nikatoa kalamu. Nikaandika jina la binti yangu, lote, kwa herufi za kusimama. Kwenye muda nikaandika miaka ya usichana wake tangu gunia la kwanza lipande, kisha hizi siku tisa. Chini yake hakuna mwingine aliyelala humo. Nikapiga mstari wa kufunga.

"Baba." Nilidhani amelala. "Nipe nione."

"Mambo ya kazi tu, Mama. Pumzika."

"Nipe."

Nikampa. Akasoma, akiwa ameishikilia juu ya tumbo lake.

"Gunia la kwanza lilipanda lini?"

"Zamani."

"Baba, lini?"

"Miaka kumi na moja."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, mdomo unatembea bila sauti. Mke wangu akajifunika uso kwa upande wa khanga. Nilimtazama binti yangu akihesabu, kidole kwa kidole, na sikumzuia, kwa sababu sikuwa na cha kumzuia nacho. Akafika alikokuwa anafika. Mkono ukasimama hewani.

"Kumbe," akasema. Basi. Nilisikia toroli la dawa likipita koridoni, gurudumu lake moja likilia.

"Hujawaandika," akasema hatimaye.

"Mama, daktari amesema hakuna uhakika. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Nimemuuliza mwenyewe..."

"Ulimuuliza."

Nikashusha macho kwenye kalamu.

"Kwa hiyo ulijua, ukawaacha." Hakupaza sauti. Angepaza ningevumilia. "Fomu haiulizi uhakika, Baba. Inaulizia waliolala. Wewe uliniambia nilale, nililala. Sikuinua hata kikombe. Na wao walikuwa na mimi."

Akanirudishia ile karatasi. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu ya hospitali.

"Chini ya mstari," binti yangu akasema. "Wa kwanza siku sitini na mbili. Wa pili siku mia na nne."

Siku alikuwa nazo kichwani. Alizihesabu mwenyewe, akizitazama kutoka kitandani, na mimi nikipita mlangoni asubuhi na jioni kumuuliza kama dirisha limefungwa vizuri.

Nikaandika sitini na mbili. Nikashuka mstari mmoja, nikaandika mia na nne. Mwandiko wangu ulitoka sawasawa, haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko yote ya siku zile mbili. Kisha nikarudi kwenye safu ya jina, kalamu ikasimama.

"Sikuwapa," akasema. "Acha wazi."

Miaka ishirini na sita sijawahi kupeleka karatasi yenye nafasi wazi. Nikaziacha zote mbili, nikampa mkaguzi.